Aliyelala Kaburini kwa Khoat

Barua ilipofika, Bi Mien alikuwa uani amechutama, anawasugua mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, kwa majivu ili utelezi uwatoke. Kesho yake ilikuwa siku ya kumkumbuka marehemu mumewe, Khoat, na mumewe alikuwa mtu wa mikunga na ndizi mbichi. Hivyo ndivyo mama mkwe alivyomwambia, maana yeye mwenyewe hakuwahi kumpikia hata mara moja. Waliishi pamoja siku tisa tu baada ya harusi, na siku zote tisa jikoni alitawala mama mkwe.

Aliyeileta barua ni Quyet, mtoto wa shemeji yake, mtu mzima wa miaka arobaini na mitano mwenye kitambi na pikipiki. Ukoo ulimkabidhi Quyet kazi ya kumfukizia udi marehemu, kwa kuwa Bi Mien hakujaliwa mtoto.

"Mama mkubwa, kaa chini," alisema.

"Nimeshachutama, nikae chini wapi tena? Sema."

Quyet hakusema, alisoma. Mara ya kwanza alisoma kwa sauti ya ofisini. Mara ya pili alisoma polepole. Mara ya tatu alikwama katikati, akaikunja karatasi mara nne kama anayetaka ipotee mkononi. Barua ilitoka wilayani. Ilisema kwamba ule mfupa uliochukuliwa mwaka jana kaburini kwa shahidi Khoat, askari aliyefia vitani, umepimwa. Haulingani na damu ya baba yake Quyet, ambaye ni mdogo wake Khoat tumbo moja. Unalingana na damu ya mama mmoja wa mkoa wa Nghe An aitwaye Lua, ambaye kaka yake, Nham, alikufa vitani kule Quang Tri. Jamaa wa Nham wanaomba kumchukua ndugu yao. Bi Mien, kwa kuwa ndiye aliyeandikisha kaburi, anatakiwa atie sahihi.

Bi Mien aliendelea kumsugua mkunga mpaka majivu yakamwishia mkononi, na bado akawa anasugua.

"Kwa hiyo Khoat yuko wapi?"

"Hawakusema."

"Na huyu tuliye naye hapa?"

"Nham. Mtu wa Nghe An."

"Nghe An!" alisema Bi Mien. Akamtazama mkunga, akamtazama Quyet. "Sasa kesho nampikia nani?"

Swali hilo lilikuwa limechelewa kufika Dong Sao, kijiji chetu. Wageni walikuwa wamealikwa. Mchele wa kunata ulikuwa umelowekwa, nguruwe kashachinjwa, mikunga ndio hao. Sherehe ikafanyika. Sisi watu wa Dong Sao hatujui kunyamaza, kwa hiyo wali haujapoa wazee wa ukoo walishaanza kubishana mkekani. Mmoja anasema chakula kimeshamfikia Khoat popote alipo, roho haihitaji anwani. Mwingine anasema kimeliwa na mtu wa Nghe An na huenda kila mwaka ndivyo. Wa tatu alishalewa, akasema mashine zote hutengenezwa na wageni, basi akaona amemaliza hoja. Bi Mien alipita kati yao akigawa bakuli, tabasamu limemganda usoni, kichwani hakuna hata wazo moja lililokaa sawa.

Hata siku yenyewe, ukitaka kusema kweli, ilikuwa ya kubahatisha. Khoat aliondoka kwenda jeshini tarehe tisa ya mwezi wa kwanza, mwaka wa sitini na tisa, yeye ana miaka ishirini na mkewe kumi na tisa. Karatasi ya kifo ilikuja mwaka wa sabini na sita, mizinga imeshanyamaza, watoto wa watu wamesharudi na miguu yao myembamba na malaria zao. Karatasi iliandikwa: amejitoa mhanga katika medani ya kusini, mwaka 1972. Siku haikutajwa, wala mahali. Mama mkwe akasema mfu asiye na tarehe hufa njaa, maana hakuna anayejua lini amwekee sahani. Akachagua tarehe ile ya tisa. "Siku aliyotoka mlango huu ndiyo siku aliyotufia," alisema, na hakuna aliyethubutu kumpinga.

Picha yake pia. Khoat hakuwahi kupigwa picha. Mchoraji wa mjini aliletewa mdogo wake akae kwenye kigoda, akamchora, akamwongezea kofia ya jeshi na nyusi nene kidogo. Ukiitazama vizuri pale ukutani, chini ya hati yenye mstari mwekundu ya kusema taifa limeukumbuka mchango wake, ni baba yake Quyet amevaa kofia. Bi Mien ameiamkia picha ile kila asubuhi kwa miaka arobaini. Uso wa Khoat mwenyewe ulimfutika zamani. Kilichobaki ni mgongo wake akiinama kufunga kamba za viatu.

Mtu atauliza, kwa nini hakuolewa tena? Waliulizwa wengi, si yeye peke yake, na kila mmoja alikuwa na jibu lake. Mwaka wa sabini na tisa alitakwa na fundi wa tanuri la matofali, Tuong, mtu mpole, mjane mwenye watoto wawili. Alimletea tambuu na popoo za posa mara tatu. Mara mbili Bi Mien alikataa kwa mdomo mkavu. Mara ya tatu, mchana mmoja wa mvua, alikuwa ameshafungua kinywa aseme haya basi, ndipo mama mkwe akakohoa chumbani. Akakifunga. Mama mkwe alikuwa mgonjwa, na alikuwa na mkwe mmoja tu aliyejua anavyotaka uji wake. Tuong akaoa kijiji cha pili.

Siku moja baada ya sherehe Bi Mien alikwenda kaburini. Makaburi ya mashahidi ya kata yetu yako nyuma ya shule, yamepakwa chokaa, kila moja na nyota. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifika pale, anaweka maji, anawasha udi na kuanza kwa maneno yale yale: "Bwana wee, nimekuja." Kisha humwambia habari. Mabata wa jirani wamekula miche. Goti limeanza tena. Mkutano wa ushirika umevunjika kwa matusi. Hata habari ya Tuong alimwambia, na ule mchana wa mvua, na kinywa kilivyofunguka. Siri ambayo mama mkwe alikufa bila kuijua.

Asubuhi ile alisimama na udi mkononi, neno la kuanzia hakulipata. Amwite Bwana wee? Bwana gani? Siri zake zote alikuwa nazo mwanamume wa Nghe An ambaye hawajawahi hata kutambulishwa. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Samahani, kaka," alianza. Ikasikika vibaya. Akajaribu tena. "Kama ni wewe, Khoat, nipe ishara yoyote. Kama si wewe, nyamaza."

Kaburi likanyamaza. Lakini kaburi lilikuwa limenyamaza miaka yote, hivyo ishara ile haikumsaidia kitu. Udi ukaungua, jivu likamwangukia kidoleni, akaruka. Akarudi nyumbani bila hata kubadilisha maji ya kwenye chombo.

Jioni Quyet alikuja kumpa msimamo wa familia, yaani msimamo wa Quyet.

"Usisaini, mama mkubwa. Mashine ni mashine. Hata ile yetu ya kukoboa mpunga huvunja mchele. Sisi tulimpata ba'mkubwa kwa njia ya haki. Yai lilisimama. Lilisimama, nililiona kwa macho yangu haya!"

"Yai lilisimama," alisema Bi Mien, na akainamia kikombe chake cha chai.

Habari ya yai kila mtu Dong Sao anaijua, maana Quyet ameisimulia kwenye kila harusi. Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Mama mkwe alikuwa na miaka themanini na minane, hali tena, anaita jina la mwanawe mchana kutwa. Wakati ule nchi nzima ilikuwa njiani kwenda kusini na magunia na majembe kutafuta mifupa yake. Quyet akaenda kwa mpiga ramli mmoja wa Hai Duong, akachorewa ramani: kijito, mti wa mashina mawili, makaburi ya mashahidi, safu ya sita. Mpiga ramli alitoa na maagizo. Chukueni yai la kuku na kijiti kimoja cha kulia chakula. Chomekeni kijiti kaburini, wekeni yai juu ya ncha. Kwa mtu asiye wenu litaanguka, kwa mtu wenu litasimama. Msicheke, watu wengi wamefanya hivyo, na wasomi wakiwemo. Ukifiwa na mtu usiyejua alipoangukia, utalibembeleza hata jiwe.

Wakaenda wawili, Bi Mien na Quyet, siku tatu ndani ya treni na mabasi. Safu ya sita ilikuwa na makaburi thelathini, yote yameandikwa kitu kimoja: shahidi, jina halijulikani. Wakaanza la kwanza. Yai likaanguka. La pili, likaanguka. Mayai yalivunjika mpaka wakanunua trei nzima sokoni. Siku ya nne, kwenye kaburi la kumi na nne, yai lilisimama. Quyet akapiga ukelele mpaka mlinzi akatoka na kandambili moja. Wakachimba, wakapewa karatasi na muhuri, wakamleta nyumbani ndani ya begi la nguo, Bi Mien amempakata njia nzima. Walipofika aliiosha mifupa yote kwa maji ya viungo, mmoja mmoja, akaipanga kwenye kisanduku cha udongo wa kuchoma. Mama mkwe alikaa pembeni akishika kila mfupa kama mtoto mchanga. Akafa mwaka wa tisini na tisa, ameridhika kabisa, mkono wake juu ya kichwa cha Quyet. Ndiyo maana Quyet hakutaka sahihi. Bila kaburi lile, angekuwa nani? Mtu aliyepakiza mgeni kwenye begi na kumdanganya bibi yake.

Lakini Bi Mien alikuwa na lake, na hilo halikuwahi kusimuliwa kwenye harusi yoyote.

Bi Lua alifika wiki iliyofuata na basi dogo la kukodi, jamaa zake sita, na binti wa ofisi ya wilaya aliyebeba fomu ndani ya mfuko wa plastiki. Mwanamke mfupi, miaka hamsini na saba, uso wa jua, mikono ya kazi. Alileta mfuko wa karanga na mtungi wa bilinganya za chumvi. Lafudhi yake nzito ya Nghe An iliwafanya watoto wa jirani wachungulie mlangoni.

"Dada, nimekuja kukusumbua."

"Karibu, mdogo wangu. Kula tambuu kwanza."

Wakatafuna. Watu wazima hawaanzi na mifupa. Wakaulizana mavuno, mafuriko, nani ana wajukuu wangapi. Quyet alikaa karibu na mlango, mikono kifuani, kama askari wa benki. Bi Lua akaitazama picha ukutani, akauliza kwa adabu marehemu alipenda kula nini.

"Mikunga," alisema Bi Mien. "Kila mwaka nampikia mikunga na ndizi."

Bi Lua akaweka mkono mdomoni. "Mikunga? Kaka Nham? Dada, kaka alikuwa akimwona mkunga anapanda juu ya kitanda! Mama alikuwa anamtishia naye asipokwenda shule!"

Mtu mmoja kule nyuma akacheka puani. Bi Lua akafuata, na Bi Mien naye akashikwa na kicheko kisichozuilika, mabega yanaruka.

"Miaka ishirini na miwili!" alisema. "Miaka ishirini na miwili namlazimisha mikunga!"

"Masikini kaka yangu!"

Wakacheka mpaka machozi, kisha Bi Mien akaona machozi yake hayakomi ingawa kicheko kimekwisha. Akayafuta kwa ncha ya kitambaa. Hakujua analia nini hasa. Kwa Khoat, ambaye huenda hakula chochote tangu mwaka wa sabini na mbili? Kwa huyu aliyelishwa asichokitaka? Au kwa ajili yake mwenyewe, ambaye amekuwa mke wa watu wawili na hakumjua hata mmoja?

Binti wa ofisi alikohoa, akatoa fomu. "Bibi, jina kamili hapa, na hapa. Ni hiari yako, lakini..."

"Hatusaini," alisema Quyet.

"Mjukuu wangu, niachie kwanza," Bi Mien alimwambia binti. Kisha kwa Bi Lua, bila kumtazama: "Mdogo wangu, mashine hazikosei kweli? Labda damu zimechanganyika kwenye chupa. Mimi nimeshazeeka. Nikiwapa huyu, nitabaki na nini? Hata ungo mmoja wa udongo sitakuwa nao wa kusema huyu ni mume wangu."

Bi Lua hakukasirika. Alitema tambuu, akapangusa mdomo. "Ngoja nikueleze, halafu uamue mwenyewe. Mwenzake kaka, aliyekuwa naye kikosi kimoja, ndiye aliyemzika, na mifupa ilipohamishiwa makaburini alikuwepo. Alirudi na jicho moja, akaugua miaka mingi. Mwaka wa tisini na nane ndipo alipotuchorea: safu ya sita, la kumi na nne. Mama akasema twende kesho, hata mpunga hatukuvuna. Tukafika. Tukahesabu. La kumi na tatu lipo. La kumi na tano lipo. Katikati pana shimo lililofukiwa ovyo, udongo umedidimia, limejaa maji ya mvua. Mama alidhani mlinzi anatutania. Akaingia, dada. Mama yangu, miaka sabini na minne, akaingia kwenye yale matope na nguo zake zote, akawa anapapasa kwa mikono. 'Ametelemka kidogo tu,' anasema, 'mwanangu ametelemka kidogo tu, nisaidieni.' Mlinzi akasema walikuja watu wa kaskazini mwaka jana. Majina yao yamo kwenye daftari, na daftari halionekani. Likaonekana mama ameshakufa miaka kumi na mitano."

Pale mlangoni, Quyet aliishusha mikono yake.

Bi Mien aliona giza mbele ya macho, na ndani ya giza lile akaliona yai. Lilikuwa jeupe, lenye kinyesi kidogo cha kuku ubavuni.

"Niliweka kidole," alisema.

"Kidole gani, dada?"

"Siku ile. Kaburi la kumi na nne. Quyet alikwenda kumnunulia mlinzi sigara. Nilikuwa peke yangu na mvua ya rasharasha. Siku nne nimeinama, mgongo haunyooki, na nyumbani kuna mama mkwe anakata roho akimngoja mwanawe. Nikaliweka yai, likaegama. Nikalishika kwa kidole, hivi. Nikaliambia simama, nakuomba, simama. Halafu Quyet akapiga kelele nyuma yangu, limesimama."

"Na lilisimama!" Quyet alikuwa ameinuka. "Mama mkubwa, unasema nini mbele za watu? Nililiona mimi!"

"Uliliona ulipofika. Kabla hujafika je?"

"Uliondoa kidole, au hukuondoa?" aliuliza Bi Lua. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Sijui. Nakuapia mbele ya wahenga wa nyumba hii, sijui. Miaka ishirini na miwili najiuliza. Kuna siku nakumbuka nimekiondoa na yai limesimama lenyewe kama mtu. Kuna siku nakumbuka kidole changu kiko pale pale. Na nilipokuwa naiosha mifupa niliutafuta mkono wa kushoto, maana Khoat alivunjika mkono utotoni, alianguka kutoka juu ya mpopoo. Mfupa ulikuwa umenyooka, hauna hata kovu. Mama mkwe akasema mfupa wa mtoto hupona vizuri. Nikasema ndiyo, mama. Ningesema nini?"

Bi Lua aliinuka, akatoka nje. Walimwona akisimama kwenye mtungi wa maji, amewapa mgongo, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Alikaa hivyo kwa muda ambao binti wa ofisi alizungusha kalamu vidoleni mpaka ikamwanguka. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Ungeng'ang'ania kwamba mashine imekosea, ningekuchukia vizuri tu," alisema. "Sasa hata sijui nikuchukieje."

"Nipe kalamu, mjukuu wangu," alisema Bi Mien.

"Mama mkubwa, ukisaini hatuna mtu!" Quyet alikuwa karibu kulia, kitambi na yote. "Bibi alikufa na mkono wake kichwani mwangu. Hatutakuwa na mtu!"

"Hatuna mtu tangu mwaka wa sabini na mbili, mwanangu. Tulikuwa tumekaa na wa wenzetu."

Akasaini. Herufi zikapanda mlima, na kwenye nafasi ya uhusiano na marehemu, alipozoea kuandika mke, akasita mpaka binti akamwambia aache tu wazi.

Kesho yake asubuhi, kabla jua halijachomoza, walitandaza turubai juu ya kaburi, maana mifupa haitakiwi kupigwa na jua. Vijana wawili wa Nghe An walikwangua saruji na kuinua bamba lenye jina la Khoat, wakaliegemeza ukutani. Quyet alikuja ingawa alisema haji. Alisimama kando akitazama viatu vyake, na walipohitaji mtu wa nne wa kushika turubai alikwenda akashika bila kuambiwa.

Kisanduku kikaonekana. Sasa ikabaki kumwita. Mtu hahamishwi kama gunia. Lazima wa kwao amwite kwa jina mara tatu na amwambie anapopelekwa, la sivyo mifupa husafiri na roho hubaki shimoni inashangaa. Bi Lua akasogea ukingoni na udi wake.

"Kaka Nham," alisema. "Kaka..." Sauti ikamkatika. Akajaribu tena, haikutoka. Akageuka.

"Dada, siwezi. Aliondoka nina miaka sita. Sauti yangu hii ya kizee ataijulia wapi? Atadhani ni mtu tu." Akamshika Bi Mien kiwiko, akamvuta mbele. "Mwite wewe. Yako ameizoea."

Bi Mien alitaka kukataa. Aliwatazama watu wa Nghe An, hakuna aliyepinga. Akachutama taratibu kwa sababu ya goti, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha udongo. Kilikuwa baridi. Jina lile hakuwahi kulitamka hapa.

"Nham," alisema. "Nham, ni mimi. Nilikuwa nakuita jina la mtu mwingine, nisamehe. Nilikupa na mikunga."

Mtu mmoja akatoa sauti kati ya kicheko na kilio.

"Nham. Wa kwenu wamekuja. Dada yako Lua huyu hapa, amekua, ana wajukuu. Mama yako alikufuata akakukosa, kosa si lake wala si lako. Unapelekwa nyumbani, Nghe An. Na yale niliyokuwa nakuambia, tafadhali, yabaki kati yetu."

Kisha akakumbuka kwamba aliyelala pale alikufa na miaka ishirini na moja, na kwamba yeye ana sitini na tisa, na neno lililomjia halikuwa Bwana wala kaka.

"Nham, mwanangu, amka. Twende."

Wakakiinua kisanduku, wakakifunga kwa kitambaa chekundu, Bi Lua akakipakata kifuani. Shimo likabaki wazi, na bamba la Khoat ukutani, jina lake likitazama mahali pasipo na mtu. Binti wa ofisi aliuliza kwa upole bamba lifanyweje, livunjwe au lirudishwe, na Bi Mien akamtazama kama aliyeulizwa kwa lugha ya mbali.

Aliwafuata mpaka kwenye basi. Jamaa walikuwa wameshapanda, dereva ameshawasha injini. Bi Lua alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi ndipo Bi Mien alipomshika mkono wa nguo.

"Mdogo wangu, wewe umezunguka nchi nzima. Umeona makaburi ya kila mkoa. Watu wengi wamebeba mifupa, si sisi tu. Nilikuwa nadhani wangu yuko hapa. Kisha nikadhani yuko kule kusini, jina halijulikani. Lakini kama mimi nilimchukua wako..." Akasimama, akitafuta pumzi. "Labda naye yupo kwa mtu. Labda kuna mama mahali anamwosha, anampikia. Wanamwitaje huko? Nikienda kumwita Khoat, ataitika?"

Bi Lua akashusha mguu kutoka kwenye ngazi, na kisanduku chake kifuani, akasimama naye pale barabarani.